Moto wa Memsabu

Siku tuliyohamia kwenye nyumba ile ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Upepo wa vumbi ulikuwa uleule wetu wa Dodoma, kuku wawili walikufa kwa joto ndani ya tenga, na mwanangu Stanley alikuwa anapiga mluzi juu ya trekta la kukodi kama mtu aliyeshinda kesi. Nyuma yake, juu ya magunia ya uwele, alikaa mkewe, Penina. Yeye hakuwa anapiga mluzi. Hakuwa anafanya lolote. Tangu mtoto wake alipofariki, Penina alikuwa anakaa pale unapomweka, kama mtungi.

Nianze na huyo mtoto, maana bila yeye hamtaelewa. Alikuwa wa kiume, wa kwanza, na hakufikisha hata siku ya kutolewa nje. Kwetu mtoto wa namna hiyo huzikwa na wanawake tu, nyuma ya nyumba. Hakuna matanga, hakuna sufuria la msiba, na mama yake haruhusiwi kumlilia, maana wanasema machozi yatamfunga tumbo. Wanawake wa ukoo wakamwambia hivyo, naye akatii. Hakulia. Ila maziwa hayakuambiwa habari za mila, yakaendelea kutoka. Kila asubuhi gauni lake lilikuwa limelowa kifuani, na yeye analitazama kama gauni la mtu mwingine.

Miaka yenyewe ndiyo ile ya ruksa, mashirika yanauzwa na watu wanapunguzwa kazini kama matawi. Stanley alikuwa mtunza stoo wa shirika moja mjini. Akapunguzwa. Wenzake walifungua vibanda vya mitumba, wengine wakanywa mpaka pesa zikaisha. Yeye akachukua kiinua mgongo chote akanunua nyumba ya Mzungu aliyekufa.

"Una akili wewe?" nilimwuliza.

"Mama, hii ni nyumba ya mawe. Haibomoki."

"Kwani tembe la baba yako lilibomoka?"

"Lilibomoka."

Kweli lilibomoka.

Nyumba iko nyuma ya Ihumwa, mbali na reli kiasi kwamba treni ikipita unasikia mlio tu, huoni moshi. Aliijenga Mwingereza mmoja mkulima, Bwana Henry, na baba yangu alikuwa mmoja wa vibarua waliombebea mawe. Mzungu huyo alikuja na picha ya nyumba ya baba yake huko kwao, nyumba ya shamba ya zamani sana, akataka ileile, hapahapa, kwenye ukame wetu. Kuta zake ni nene kiasi kwamba mtoto analala ndani ya dirisha: ukuta wa nje, ukuta wa ndani, na katikati kifusi cha kokoto na chokaa. Madirisha ni madogo kama ya mahabusu, kwa sababu kwao wanazuia baridi isiingie. Kwetu yalizuia hata hewa. Paa lina mwinuko mkali ili theluji iteleze. Theluji, Dodoma! Baba alikuwa akifika hapo kwenye hadithi anacheka mpaka anakohoa. Sakafu ni mawe bapa, na hata jua la Oktoba likiwa linachoma nje, ukivua ndala mawe yale yanakuuma nyayo kwa ubaridi. Na mlango ni mfupi. Kila anayeingia lazima ainame, na mimi sikupenda kuinama bila kujua ninamwinamia nani.

Lakini kikubwa kilikuwa jiko. Ukuta mzima wa magharibi, sebuleni, ulikuwa jiko. Si mafiga matatu kama ya watu. Ni kama chumba ndani ya ukuta: unaingia, unasimama wima, na huku na huku kuna benchi la jiwe la kukalia. Juu ya mdomo wake imelazwa boriti nene, nyeusi kwa moshi wa zamani, na juu ya boriti kuna dohani, njia ya moshi, iliyopanda mpaka nje ya paa. Ukiingiza kichwa ukatazama juu unaona kipande cha mbingu. Ubavuni mwa jiko kulikuwa na tanuru ya kuokea mkate, na mdomo wa tanuru ulikuwa umezibwa kwa mawe yaliyopangwa ovyo, chokaa imemwagika kama uji.

Baba alisema nyumba nzima ilijengwa na mafundi. Mdomo wa tanuru tu ndio Bwana Henry aliuziba mwenyewe, yeye ambaye hakuwahi kugusa jiwe, na ilikuwa mwaka uleule mtoto wa memsabu, mkewe, alipoacha kuonekana. Wakaambiwa amerudishwa Ulaya. Tangu hapo memsabu akawa anawasha moto kwenye jiko lile mchana na usiku, masika na kiangazi, hata Oktoba ambapo mbwa wanachimba shimo walale. Vibarua walimcheka. Walisema mama wa watu ana baridi ya kwao kwenye mifupa. Baba naye alicheka, ila alikuwa akimaliza kucheka anasema hivi: nilipokuwa nampelekea kuni, memsabu hakuwa anaota moto. Alikuwa anaulinda.

Wazungu wakaondoka. Nyumba ikawa stoo ya karanga na ngozi za shamba la serikali. Mtu wa enzi hizo, simjui ni nani, alipigilia bati zima kwenye mdomo wa jiko, misumari mingi mpaka imepindana. Stanley aliona bati akaona mali. Alilibandua siku ya kwanza na kuezekea banda letu la kupikia nje. Lilikuwa bati zuri, halina kutu. Upande wa ndani tu lilikuwa limekwaruzwa kwa chini, mikwaruzo mifupi mifupi. Tukasema panya.

Sasa sikilizeni jambo la mbuzi. Kwetu vitoto vya mbuzi havilali zizini na mama zao. Fisi wapo, halafu vikilala na mama vitanyonya usiku kucha na asubuhi hupati hata kikombe. Vinalala ndani, na watu. Na jiko lile, ukishaweka ubao mbele, lilikuwa kama limejengwa kwa kazi hiyo. Baridi ya mawe, hewa inapanda juu, vitoto vimejaa humo vinacheua. Nililisifu mwenyewe. Nilisema Bwana Henry hakujua alichokijenga.

Kuviachia asubuhi ikawa kazi ya Penina, tumpe angalau kitu cha kushika. Anaondoa ubao, vitoto vinatoka mbio mpaka uani, na kila kimoja kinakwenda kwa mama yake. Havikosei. Mbuzi nao hawakosei: akisogea mtoto wa mwenzake anampiga pembe. Baada ya muda kidogo kelele zote zinaisha, unasikia kunyonya tu.

Asubuhi moja kelele ziliisha, kila mama na wake, na Penina hakutoka nje.

"Mama," aliniita.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu msiba. Nilikwenda mbio na mwiko mkononi. Penina alikuwa amesimama ameshika ubao. Kwenye majivu ya kale, chini ya dohani, kilikuwa kimesimama kitoto kimoja cha kijivu. Kilikuwa kinamtazama yeye. Hakikulia.

Stanley alipokiona alipiga makofi. "Mama, si unaona? Soko huria hilo. Hata mbuzi wanaletwa bure."

"Ameletwa na nani?"

"Wewe nawe. Mali ikija utaiuliza kwao wapi?"

Tulimwita Yotham, mfugaji jirani, tukidhani ni wake kimepotea. Yotham ni mtu wa maneno mengi. Akija kwako ugali unapoa. Siku hiyo aliinama mlangoni, akaingia, akakiinua kitoto kwa miguu ya mbele. Akatazama masikio. Hayakuwa na alama ya ukoo wowote. Akakigeuza tumbo juu, akapitisha kidole gumba. Akarudia tena. Maneno yakamwisha.

"Nini?" nilimwuliza.

"Mama Stanley, huyu hana kitovu."

Nikagusa. Tumbo lilikuwa laini tupu, kama kiganja.

Stanley alikuwa ameshatoa kisu. Alama yetu ni sikio la kushoto: mkato kama mdomo wa ndege kwenye ncha, na chini yake tundu moja dogo. Yotham alimshika mkono.

"Usimkate, Stanley."

"Kwa nini?"

"Ukishamkata ni wako."

"Sasa si ndiyo maana ya kukata?" Stanley alicheka, akakata. Mkato, halafu tundu.

Haikutoka damu. Yotham aliondoka bila kunywa togwa yake, na tangu siku ile njia yake ya kupeleka mifugo majini ikawa inazunguka mbali na kwetu.

Mimi sikuogopa bado. Nilikuwa na kazi. Kitoto yatima kina dawa yake: unakipaka chumvi mgongoni, unamfunga mbuzi mwenye maziwa, anakiramba kwa ajili ya chumvi, na akishakiramba amekubali kuwa mama yake. Nikakipaka. Nikamfunga jike letu pole kuliko yote. Alikinusa mara moja akaanza kutetemeka, akakojoa, akavuta kamba mpaka akajikaba. Nikajaribu la pili. Vilevile. Kuanzia hapo mbuzi wote wakagoma kusogelea nyumba, na asubuhi ikabidi tuwapelekee watoto zizini. Kile cha kijivu kilibaki jikoni na chumvi yake mgongoni. Hakikula majani. Hakikunywa maji. Wala hakikukonda.

Aliyebadilika ni Penina. Alianza kula. Ugali wa uwele na mlenda, anamaliza, anafuta sahani kwa kidole. Akaoga. Akamwomba mke wa Yotham aje amsuke, na alipokataa kuja akajisuka mwenyewe. Akaanza kuimba chinichini, zile nyimbo za kubembeleza, huku anafagia lile jiko. Stanley alikuwa anamtazama mkewe kama mtu aliyerudishiwa kitu kilichoibwa. Hata mimi nilimshukuru Mungu, nisiseme uongo. Halafu nikagundua jambo. Gauni lake asubuhi lilikuwa kavu kifuani.

Nilikaa na hilo siku kadhaa. Nikajiambia maziwa yamekatika, huo ndio mwisho wake, yote hukatika.

Siku ya siku nilitoka shambani mchana, jua la kichwa. Nikainama mlangoni. Ukitoka kwenye jua lile na kuingia kwenye nyumba ya madirisha yale, huoni kitu mpaka macho yatulie. Nikasimama. Nikasikia kunyonya. Macho yakatulia kidogo kidogo. Penina alikuwa amekaa ndani ya jiko, kwenye benchi la jiwe, amejifunika khanga kifuani. Kichwa amekiegemeza ukutani, macho amefumba.

"Penina."

Alifumbua macho. Alikuwa anatabasamu. Midomo yake ilikuwa mikavu, na juu ya midomo kulikuwa na chembe nyeupe. Nilidhani ni unga. Alizilamba taratibu, nikajua ni chumvi.

"Nyamaza, mama," alinong'ona. "Ndiyo kwanza anasinzia."

Chini ya khanga kitu kilijinyoosha. Mguu ukachungulia nje. Haukuwa na kwato.

Nilirudi nyuma mpaka nikagonga kichwa kwenye mlango. Sikupiga kelele. Nilikwenda kukaa chini ya banda la kupikia, nikashika mwiko, nikasonga sufuria tupu. Stanley aliponikuta hapo alidhani nimepigwa na jua.

"Mkeo ananyonyesha kile kitu," nilimwambia kwa sauti ya chini.

Hakushtuka. Aliokota kijiti akaanza kuchora mavumbini.

"Unajua," nikasema.

"Mama, ameanza kula. Ameanza kusema."

"Anakula yeye au analiwa? Umeangalia mabega yake yalivyobaki mifupa?"

"Nikimwondolea atarudi kuwa vile. Mimi siwezi kumwona tena vile."

"Basi subiri umwone amekufa. Hapo atakuwa ametulia zaidi."

Ni maneno mabaya, lakini mwanangu hasikii mazuri. Alitazama juu, kwenye bati la banda. Na mimi nikatazama. Kwa chini, kwa mwanga ule wa mchana, mikwaruzo ilionekana vizuri. Ilikuwa imekwenda minne minne, na kila minne pembeni yake mmoja mfupi. Panya hana kidole gumba.

Kesho yake Stanley alimchukua mkewe kwenda hospitali mjini. Alimdanganya kwamba wanakwenda kupima damu tu, watarudi jioni. Penina alikubali, ila kwanza aliingia jikoni akakitandikia khanga yake. Akanigeukia. "Usikiache peke yake, mama."

"Siendi popote," nilimjibu. Na sikwenda.

Walipotoweka machoni nilianza kubeba kuni. Migunga mikavu, mabua, samadi kavu ya ng'ombe. Nilivipanga mbele ya ubao. Chenyewe kilikuwa kimekaa juu ya khanga kwenye benchi, kinaniangalia ninavyopanga. Sikukitazama usoni. Nikavuta ubao. Nikaingiza kuni. Nikawasha.

Moshi haukupanda. Ulinirudia usoni wote. Nikakohoa, nikalala chini kwenye mawe baridi, nikapuliza. Moto ukashika. Hapo kikafungua mdomo kwa mara ya kwanza. Sauti haikutoka kwake. Ilitoka nyuma ya mawe ya tanuru.

Ilikuwa sauti ya mtoto mchanga. Mtoto mwenye njaa. Nimezaa watoto saba, sauti hiyo siwezi kuikosea.

Nikaongeza kuni.

Kikasimama juu ya benchi. Kikainua mikono. Nasema mikono. Kikashika ukuta wa dohani na kuanza kupanda, kimejibana kwenye mawe kama mtoto anavyobanana na mgongo wa mama yake. Nikaongeza mabua. Sauti kwenye tanuru ikazidi, halafu ikakatika ghafla. Dohani ikavuta moshi wote kwa mara moja, kwa mlio, kama mtu aliyekuwa ameshikilia pumzi. Kikawa kimya. Nilipotazama juu niliona kipande cha mbingu, cheupe, hakina kitu.

Stanley alinisimulia baadaye. Walikuwa kwenye foleni ya hospitali, kwenye benchi, kabla ya saa sita. Penina alishika kifua akaanguka magoti. "Anaungua," alisema. Halafu akalia. Alilia mbele ya watu wote, akaita jina: Cornel. Hatukuwa na mtu wa jina hilo. Alikuwa amempa mtoto wake jina bila kutuambia, na alikuwa amelificha muda wote huo. Nesi akadhani kuna aliyefariki wodini. Stanley akamwambia ndiyo.

Alirudi nyumbani analia, akalala analia. Nilimwacha. Wanawake wa ukoo walipokuja kusema atafunga tumbo, niliwafukuza na maji ya kuoshea vyombo. Macho yalipomkauka alikuja kukaa karibu nami, mbele ya moto.

"Umekiua, mama?"

"Nimewasha moto."

"Sikuuliza hivyo."

Nikasogeza gogo motoni. Tulivihamishia vitoto vya mbuzi kwenye chumba cha pembeni, na Yotham akaanza kupita njia yake ya zamani, ingawa ndani haingii. Kuhama hatukuweza, kiinua mgongo hakitoki mara mbili. Stanley alitaka kurudisha bati, nikamwambia ajaribu kwanza kuzima moto. Akamwaga ndoo ya maji. Kabla mvuke haujaisha, tulisikia kokoto ndogo zikiteremka ndani ya dohani, moja moja, kama zinazosukumwa na mguu. Niliwasha tena haraka. Mpaka leo haujazimika. Watu wa Ihumwa wananicheka. Wanasema bibi kizee ana baridi mifupani, na kuni zilivyo adimu Dodoma nzima. Waacheni wacheke.

Masika ya mwaka uliofuata Penina alijifungua. Makorongo yalikuwa yamejaa, barabara hakuna, nikamzalisha mwenyewe sebuleni mchana kweupe. Mtoto wa kike. Kitu cha kwanza nilichotazama ni kitovu. Kilikuwepo. Nilikata mwenyewe, nikafunga kwa uzi. Miguu, vidole vyote. Nikashusha pumzi.

Ila hakulia. Nilimpiga mgongoni kidogo, akafumbua macho akanitazama. Nikamfuta kichwa. Nikamfuta shingo. Nikafuta sikio la kushoto, nikadhani ni damu imeganda.

Haikuwa damu. Ncha ya sikio ilikuwa na mkato kama mdomo wa ndege, na chini yake tundu moja dogo. Kidonda kilikuwa kimepona zamani.

Nikamvutia kitambaa mpaka masikioni.

"Ana nini?" Penina aliuliza.

"Hana kitu. Ni mzima."

"Nipe nimwone."

"Pumzika kwanza."

"Mama."

Nikampa. Alikifunua kile kitambaa taratibu. Alipitisha kidole kwenye sikio, kwenye mkato, kisha kwenye tundu, bila kushtuka, kama mtu anayetafuta alama ya mbuzi wake kwenye kundi la mnadani.

"Ni wetu, basi," alisema.

Akamweka titini. Mimi nikageukia jiko, nikaongeza kuni.